Patins mbele ya drapeau

Niseme mbele kabisa: mu habari hii mimi njo mujinga. Kama unatafuta mutu ya akili ndani, angalia mama yangu. Mimi niko pale juu ya kuanguka tu.

Ilikuwa myaka ya vita. Bateau za Kinshasa hazikuwa zinapanda muto tena kufika kwetu Kisangani, fleuve ilikuwa imefungwa, na chumvi ilikuwa inatufikia na ndege, bei yake kama ya dawa. Mama, mutu ya Yanonge, alikuwa anauzisha samaki ya chumvi. Bila chumvi, biashara yake ilibaki samaki na nzi.

Alors, kulikuwa papa moja mucommerçant, mutu ya Butembo, mwenye kuuzisha biatu ya kuvaliwa, mitumba. Siku moja alifungua ballot, furushi ya biatu, akakuta patins: biatu yenye roues ine chini, magurudumu zimepangwa mustari moja kama meno ya mamba. Hakuna mutu alitaka kununua. Njo akafikiri atuazime sisi batoto ya quartier, tukimbie course ndefu, mashindano ya mbio, ku njia ya aéroport, kwenda na kurudi, batu baone, batamani. Wa kwanza atapata nusu mufuko ya chumvi.

Asubuhi ya course mama alikuwa na beseni mbili za samaki mubichi, moto imewaka, anataka kuikausha ku moshi. Nikamuambia aache, leo chumvi inakuya. Aliniangalia murefu. Akaniuliza kama kweli nilijua hii biatu. Nikaapa. Akazima moto.

Bon, kwenda nilijua. Kusimama, hapana. Ku quartier nilikuwa nasimama kwa kushika mutu ao ukuta, na sikuona shida, juu Kisangani ukuta haikosi.

Tulianza batoto tano. Batoleka, bale ba kubeba batu na kinga, ni kusema baisikeli, bakatufuata pembeni banatucheka. Moja akaniuliza: "Petit, kinga yako uliimeza, ilibaki roues tu?" Nilianguka ku shimo ya kwanza, na ku ile ya nyuma yake, kisha nikazoea mashimo. Kijana moja murefu alikuwa mbele, mimi nyuma yake. Chumvi nilikuwa naisikia ku ulimi.

Tukafika ku mutelemuko mbele ya kambi ya askari, na filimbi ikalia.

Kwetu, drapeau, bendera ya inchi, ikipanda, kila kitu inasimama. Toleka anaweka muguu chini, mama mwenye beseni ku kichwa anakauka, mutu anaacha neno yake katikati. Na wakati ile, hakuna mutu alikuwa anataka askari amuone hata anapumua. Ule murefu alijiangusha mu majani, akabaki pale kimya. Bengine bakashika muti. Mimi nikasimama garde-à-vous.

Miguu pamoja, mikono ku mapaja, kidevu juu, macho ku drapeau. Heshima kamili. Na mutelemuko ikanibeba. Kama ningejiangusha, hakuna mutu angesema kitu, lakini kuanguka mbele ya drapeau niliona ni kukosa adabu. Nikapita ule murefu. Nikapita mama moja wa kuuzisha sombe, majani ya muhogo, macho yake tu ikanifuata. Nikapita mustari yote ya askari, pole pole, kama chef mukubwa anayekagua jeshi yake, mpaka nikaingia mu mifuko ya makala, makaa ya kupikia, ya toleka moja aliyesimama kule chini. Kinga, makala na mimi, tukalala pamoja. Toleka mwenyewe hakutikisika. Drapeau ilikuwa bado inapanda.

Filimbi ya pili ikalia, batu bakapumua, na commandant akatuma banilete.

"Wewe," akasema, "unatembea mbele ya drapeau?"

"Hapana, chef. Mimi nilisimama. Ni biatu njo ilikuwa inatembea."

Askari moja akageukia ukuta juu ya kuficha kicheko. Commandant hakugeuka.

"Basi simama tena," akasema, "mpaka biatu ijifunze."

Akanipanga chini ya drapeau, patins ku miguu, juu ya sementi. Nikianguka, naanza upya. Toka pale niliona benzangu banaenda. Kisha niliona banarudi, ule murefu mbele, akanipungia mukono kama ndugu. Commandant aliniachilia jua ikiwa juu ya kichwa. Nilirudi mujini miguu wazi, patins ku shingo, na ule toleka wa makala nyuma yangu, ananitukana mu Lingala bila kurudia neno moja.

Mama alikuwa ananingoya ku mwisho wa course na beseni tupu ya kubebea chumvi. Batoleka balikuwa bamekwisha kumuletea habari yote, na macho yake iliona ule murefu anaondoka na chumvi ku kichwa. Akaweka beseni tupu ku kichwa, akashika njia ya nyumba. Nikamufuata.

Ku nyumba samaki ilikuwa imeanza kunuka. Ile ya kuharibika akaitupa, karibu beseni moja nzima. Akawasha moto upya. Nilipasua kuni, nikapuliza mpaka macho ikavimba. Tukageuza samaki upande wa pili, yeye akifukuza nzi na ukindu, njo akafungua kinywa.

"Course ingine ikikuya," mama akasema, "uniambie mbele. Siku ile nitawasha moto mapema."