Maziwa ya Jana Asubuhi

Nilikuwa nimelipaka rangi sanduku langu la kupozea maziwa mara mbili, lakini asubuhi ya wageni niliona unywele mmoja wa brashi umegandia kwenye mlango. Niliung'oa kwa ukucha, nikaharibu rangi, nikapaka tena. Nilijua fika kwamba maofisa wa idara ya serikali inayosimamia sera za sayansi, ubunifu na teknolojia hawakutoka Nairobi hadi Waberi kuja kukagua rangi yangu.

Ndivyo nilivyo. Sikusomea uhandisi. Nilijifunza kwa kutazama video kwenye simu na kufungua feni mbovu za majirani, na kila nikitengeneza kitu nahisi kuna mtu mwenye shahada amesimama nyuma yangu akisubiri kucheka.

Lakini sanduku lenyewe nililiamini. Kuta zake ni waya wa wavu uliojazwa makaa. Maji yanadondokea makaa polepole, na feni ndogo ya sola inapitisha upepo. Hewa yetu ya Garissa ni kavu, kwa hiyo maji hukauka upesi, na yakikauka huondoka na joto. Mama huuza maziwa ya ngamia sokoni, na yakikosa mnunuzi mapema huchacha mchana huo huo. Ndani ya sanduku yalikaa matamu hadi kesho yake.

Idara ilikuwa inatafuta vifaa vya kupimwa katika maabara na kuendelezwa. Changu kingekataliwa, kingebaki hapo uani kama kabati la kuku. Niliisoma rasimu yao yote ya sera kwenye simu, nikafanya mazoezi ya kujibu maswali mbele ya mbuzi wa jirani, ambao hawakuuliza lolote. Siku moja kabla, niliweka mtungi mmoja wa maziwa sandukuni na mwingine wa maziwa hayo hayo kivulini. Wageni wangeonja yote mawili na kuchukua sampuli.

Walikuja watatu: mwanamke aliyeongoza msafara, mwenzake mwenye kamera, na dereva mwenye mvi. Niliwapeleka kwanza nyuma ya nyumba kuona paneli ya sola. Tuliporudi, mama alikuwa ametandika mkeka na kumimina maziwa. Wakanywa huku nikieleza. Sauti haikutetemeka hata kidogo. Nilipofika mwisho nikafungua mlango wa sanduku kwa madaha.

Lilikuwa tupu.

"Hooyo, mtungi uko wapi?" nilimuuliza mama kwa Kisomali.

Yeye pia huniita hooyo, yaani mama, neno lile lile ninalomwita mimi. Alijibu kwa Kiswahili, wageni wasikie. "Mtungi nimeosha, hooyo. Gari la kuleta maziwa ya leo halijafika, na ya kivulini yamechacha. Wageni wametoka mbali hivi, wakae koo kavu?"

Kiongozi wa msafara alitazama ndani ya kikombe chake. "Haya tuliyokunywa ni ya lini?"

"Ya jana asubuhi," nikasema.

Dereva alikuwa amenyoosha mkono aongezewe. Akaurudisha taratibu.

"Kunywa tu, mzee," mwenye kamera akamwambia. "Wewe ndiwe maabara yetu."

Walicheka wote, hata yule kiongozi wao. Kisha akaweka kikombe chini, akanieleza kwa upole kwamba maziwa ni mazuri lakini hawezi kuripoti ofisini kuwa dereva aliomba tena. Alihitaji sampuli, na sampuli ilikuwa tumboni mwao.

Kichwa changu, cha ajabu, kilikuwa kimetulia. Maswali yote niliyoyaogopa yalinihusu mimi. Hili lilihusu sanduku, na sanduku sikuwa na shaka nalo.

"Leo mnakwenda Dagahaley, na kesho mtarudi kwa barabara hii," nilimwambia. "Gari likifika, mimina mwenyewe maziwa ya leo. Funga mtungi kwa utepe wako, utie sahihi juu yake. Kesho fungua mwenyewe."

Alifikiri kidogo. "Na mama yako atazuiwa na nani?"

Sote tukamgeukia mama.

"Na mimi mwenyewe," akasema.

Gari lilifika kabla hawajaondoka. Wakajaza mtungi, wakaufunga, wakaenda zao, na maziwa mengine yakapelekwa sokoni. Alasiri, bila taarifa, mdogo wake mama akafika kutoka Masalani, vumbi hadi kwenye nyusi. Mama alimkumbatia, akamkalisha, akamletea chai ya rangi.

Mama mdogo aliitazama chai, akalitazama sanduku. Alijua maziwa hukaa humo.

"Maziwa yapo," mama akasema, "lakini ni ya serikali."

"Serikali ina ngamia tangu lini?"

Mimi nilicheka. Mama hakucheka. Katika maisha yangu yote sikuwahi kumwona akimnyima mgeni maziwa yaliyomo nyumbani, na huyu alikuwa ndugu yake wa damu. Alikaa kwenye kigoda, mgongo umeegemea mlango wa sanduku, akainuka kwa swala tu. Hapo ndipo nilipoelewa nilichomwomba. Rangi ya mlango ilimwachia doa kwenye shela, nami kwa mara ya kwanza sikutamani kuipaka tena.

Kesho yake adhuhuri wageni walirudi. Kiongozi alikagua utepe na sahihi yake, akafungua, akanusa, akaonja. Alijaza chupa zake ndogo, akazipanga kwenye kisanduku cha barafu, ndipo akaniambia kwamba anapendekeza sanduku liingie kwenye majaribio, na kwamba nijiandae kuja Nairobi kulieleza mimi mwenyewe.

Nilikuwa tayari. Nilimwambia hivyo, kwa maneno hayo hayo.

Mama hakusubiri tumalize. Alikuwa ameshachukua mtungi wenye maziwa yaliyobaki. Kikombe cha kwanza, kilichojaa hadi ukingoni, alimpa ndugu yake kwa mikono miwili, akasimama mbele yake mpaka akakimaliza. Cha pili kilikuwa cha dereva, na safari hii hakuna aliyeuliza ni ya lini.