Kahawa ya Bi Zuwena

Siku ile naikumbuka vizuri, mjukuu wangu, siku niliyokataa kumtafsiria daktari. Ilikuwa Maskati ya kabla ya mwaka sabini, usiku mlango wa mji ukifungwa. Mimi msichana niliyetoka Unguja, nikifanya kazi kwa daktari mgeni mwenye zahanati nje ya ukuta. Kiarabu hakijui, mimi ndiye niliyemsemea.

Akaja mama na mtoto anayeharisha, macho yamezama. Tumboni ana kidonda kibichi: kachomwa chuma cha moto na Bi Zuwena, tabibu wa ndani ya mji aliyetibu kwa kuchoma. Daktari akawaka.

"Mwambie ni mjinga. Akirudi na mtoto aliyechomwa, simtibu."

"Hayo siyasemi, daktari. Ukimtukana huyu, wenziwe watawaficha watoto wao mpaka wafe."

"Basi kazi huna."

"Sawa. Mtibu mtoto kwanza."

Akamtibu, amenuna, na mtoto akapona. Mimi kesho yake nikarudi kazini kama kawaida, na radhi sikuomba; naye hakunifukuza, maana hakuwa na mwingine wa kumsemea. Nikamng'ang'ania daktari mpaka akakubali kwenda kwa Bi Zuwena. Alitaka kuhutubia mlangoni, nikamkalisha. Pale huanzi maneno kabla ya tende na kahawa na kuulizana hali, hata uwe nani. Vikombe vilipoondolewa, Bi Zuwena ndipo aliposema.

"Mtoto akizidiwa usiku, mlango umefungwa, na wewe uko nje. Mimi nnaletewa. N'fanye nini?"

Daktari akamwonyesha namna ya kumnywesha mtoto maji yaliyochemshwa, kijiko kwa kijiko, mpaka kuche. Daktari mwenyewe akaahidi kutomtukana mama yeyote.

Haukupita muda, alfajiri moja mlango ulipofunguliwa, wa kwanza kutoka alikuwa Bi Zuwena mwenyewe, kabeba mtoto wa jirani. Yu hai, na tumbo lake halina alama ya chuma.

Sasa wewe ni daktari wa familia huko Mabela, Maskati, na nasikia wakubwa wako wanasema kutembelea wagonjwa majumbani ni kupoteza wakati. Usiwasikilize. Kaa na watu, waulize wanafanya nini wewe ukishafunga zahanati, mpange pamoja. Wakikutisha kwa kazi, waambie bibi yako alitishwa hivyohivyo na kesho yake alirudi. Mungu akupe mikono ya kuponya, na kila nyumba ikufungulie mlango.