Mto Uliozikwa Chini ya Mkondo wa Pemba

Siku yangu ya kwanza kazini sikuona kilindi wala mashapo. Niliona mlingoti wa redio. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, nimetoka chuoni na stashahada ya jiolojia, binti wa mfanyabiashara wa nguo wa Bagamoyo mjini, na kituo nilichopangiwa kilikuwa Mlingotini, kana kwamba jina lilitungwa kwa ajili yetu. Mkuu wa Kituo, mzee mpole wa Tanga, alipokwisha kuitikia shikamoo yangu aliniambia, "Mwanangu, meli iko mbali huko na haijui ilipo. Sisi ndio tunaoiambia."

Ndivyo ilivyokuwa. Meli ya utafiti wa mafuta ilipokea ishara kutoka milingoti kadhaa ya pwani, ikazilinganisha, ikajua mahali pake. Ishara zikikatika, kazi ya asubuhi nzima imepotea, maana picha ya chini ya bahari isiyojulikana ilipigwa wapi haina faida kwa mtu. Mimi niliangalia jenereta na betri. Akina mama wa kijiji walidhani mlingoti ule ni wa muziki, wakaniomba niwafungulie taarabu. Nilipowaeleza kwamba hauimbi walinihurumia sana, wakawa wananiletea samaki wa kupaka. Nimefanya kazi mahali pengi. Sijapata kula kama nilivyokula Mlingotini.

Mama yangu ndiye aliyekuwa na shaka. Alitaka kujua bahari imekosa nini hata ipigwe. Nikamweleza kwamba meli huvuta bunduki zinazofyatua hewa. Sauti yake hushuka majini ikapenya ardhini, na kila inapokuta tabaka la namna nyingine, sehemu yake hurudi juu kama mwangwi. Nyuma ya meli huburutwa kebo ndefu yenye vinasa sauti. Mwangwi wa karibu hurudi mapema, wa mbali huchelewa, na ukiipanga yote kwenye karatasi unapata sura ya mashapo, yaani mchanga na tope vilivyotua huko tangu zama za zama. Mama alifikiri kidogo.

"Kumbe mnagonga fenesi," akasema, akarudi jikoni.

Baadaye nilihamishiwa Dar es Salaam, chumba cha tafsiri. Meza zilifunikwa karatasi ndefu zenye mistari myeusi iliyosongamana, nasi tuliinama juu yake na penseli za rangi, kila tabaka na rangi yake. Mjiolojia Mkuu, mtu mnene aliyependa kuimba puani akiwa anafikiri, alitukataza kugusa penseli kabla ya kutazama karatasi mpaka macho yachoke. Nilikaa meza moja na Ndugu Mhina, Mbondei aliyenitangulia kazini, mcheshi, na hodari kweli.

Mimi na Mhina tulishindana juu ya kilima. Kwenye karatasi moja ya Mkondo wa Pemba, kaskazini ya Pangani ambako maji ni ya kina kirefu, kulikuwa na mwinuko uliozikwa chini ya tope. Mhina alisema ni mwamba wa matumbawe wa kale, uliokua zamani bahari ilipokuwa haina kina pale. Hoja yake ilikuwa nzuri, maana miamba ya namna hiyo huonekana hivyo hivyo. Mimi niliona mabega mawili pembeni ya kilima, na chini yake tabaka zilizokatwa. Nikasema ni njia ya mto wa chini ya bahari: mchanga ulioporomoka kutoka pwani pamoja na maji mazito ya tope, ukachimba mfereji, ukaujaza. Tope la kandokando lilipokandamizwa na uzito wa juu lilinywea. Mchanga haunywei hivyo, ndiyo maana ulibaki umeinuka.

Hayakuwa mabishano ya kupoteza muda. Mkataba wa meli ulikuwa unaisha, na ulikuwa umebaki mstari mmoja tu wa kupima, yaani njia moja ya kupitisha meli. Tukiupeleka mahali pasipofaa, hakuna aliyejua meli nyingine ingekuja lini, na mimi nilikuwa bado kwenye majaribio ya kazi.

Mjiolojia Mkuu alitusikiliza wote wawili, akanigeukia. "Mwanakheri, kama ni mto, utakuwaje?"

"Utaendelea, mzee. Mwamba hukaa pake. Mto ukiufuata kuelekea kilindini utaukuta tena."

"Basi nendeni wote mkaufuate."

Tulipanda meli. Nahodha alitupa nafasi kando ya mashine iliyokuwa ikitoa karatasi ya awali, kidogo kidogo, bunduki zikiendelea kufyatuka. Tabaka zilikuja zimelala, zimelala tu. Nilianza kumwomba Mungu kimoyomoyo. Halafu mistari ikapinda, bega likapanda, kikaja kilima kipana kuliko kile cha kwanza, kisha bega la pili. Mhina ndiye aliyeweka kidole juu ya karatasi.

"Mto wako huu hapa, dada," akasema, na uso wake wote ulikuwa unacheka.

Mpishi wa meli alipopata habari alitupikia biriani, ingawa sidhani alielewa tumepata nini.

Kisima kilichochimbwa pale baadaye hakikutoa mafuta. Kilikuta mchanga mzuri, safi, umejaa maji ya chumvi. Wakubwa wa wizarani walisikitika. Mjiolojia Mkuu alikuja mezani kwetu akiimba puani wimbo wake. "Sisi tulisema mchanga," akatuambia. "Mchanga upo." Mwezi uliofuata nilithibitishwa kazini.

Sasa nimestaafu, nakaa Bagamoyo. Juzi vijana wa kazini kwetu walinialika ofisini kwao wanionyeshe kompyuta zao. Binti mmoja alibonyeza, tabaka za juu zikaondoka kama mtu anavyokunja mkeka, na chini yake ukatokea ule mto, unaonekana kutoka juu, mzima. Mimi niliujua kwa vipande viwili. Kumbe unapindapinda, una matawi, na mwisho wake unatanuka kama kipepeo cha ukindu cha kupepea moto. Binti aliuliza kama anichapishie nakala niende nayo nyumbani. Nikamwambia asihangaike, aniachie kiti tu, nitazame kidogo.