Timu Iliyokula Mayai ya Mgonjwa

Ashukuriwe Mungu aliyenifikisha uzeeni nikiwa na meno ya kutafunia na kumbukumbu ya kuniaibisha.

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa nilikuwa katekista Rhotia. Chuo kikuu kikatuletea timu ya kujifunza na kutafiti tiba ya familia: daktari mwalimu, wanafunzi wawili wa udaktari, muuguzi na bwana afya. Mimi niliongezwa kuwa mkalimani wa Kiiraqw. Daktari alitueleza kwamba katika timu hakuna mkubwa wala mdogo. Kisha akapanda mbele kwenye Landrova, na muuguzi akakaa nyuma juu ya tairi la akiba.

Tulipewa familia ya mama mmoja mwenye mtoto wa miaka miwili, aliyekonda, nywele zimepauka. Muuguzi alimwagiza mama ampe mtoto yai kila siku, maana kuku walikuwapo na walitaga. Kila Jumatano tulikwenda kumpima. Uzito haukupanda. Mwezi wa pili ulianza kushuka, na muuguzi akaninong'oneza kwamba ukiendelea hivyo tutamzika.

Wasomi wakakaa kikao. Mwanafunzi mmoja alisema mama haelewi somo. Wa pili alisema tatizo ni mila, akajaza ukurasa mzima. Bwana afya alilaumu choo.

Mimi nilijua, nikanyamaza. Kila Jumatano mama alitukaangia mayai, na mara mbili alituchinjia kuku. Watu wazima sita. Paja lilikuwa langu, kwa heshima ya kanisa.

Jumatano moja muuguzi alirudisha sahani.

"Mama, mayai haya si nilisema ni ya mtoto?"

"Mtoto ni wa hapa, sista, atangoja kuku watage tena. Ninyi mmetoka mbali kwa ajili yake. Nitawaachaje mwondoke na njaa?"

Nilitafsiri neno kwa neno. Daktari alikuwa na yai mdomoni. Alitafuna polepole sana.

Garini akageuka nyuma. "Katekista, ulijua?"

"Nilijua, daktari."

"Mbona hukusema?"

"Fomu yenu ina maswali mengi, lakini halimo la kuuliza nani anakula mayai."

"Na wewe ulikula."

"Nilikula kuliko wewe."

Kumwambia mama asitupikie kungekuwa kumtukana. Lakini Mungu ni mwema, Kwaresima ilikuwa inaanza. Nikamwambia timu yote inafunga, na ili nisiwe mwongo nikawafungisha kweli: Jumatano hakuna kutia kitu mdomoni mpaka turudi Karatu, mjini timu ilikolala. Bwana afya, Mwislamu, alifunga Kwaresima yetu kwa utulivu. Walionung'unika ni Wakristo.

Kufikia Pasaka mtoto alikuwa anavuta mizani kwenda chini na kuipiga mateke. Mama alimshika miguu, akacheka. Timu ikarudi chuoni, na ripoti ilipoletwa ilisema mama hatimaye ameelewa somo. Muuguzi, ambaye alibaki nasi zahanati, aliisoma mara mbili, akaniuliza kama Kwaresima imetajwa popote. Haikutajwa. Mtoto yule leo ana shamba la ngano, na hajui kwamba nilimla kuku wake.

Nawe uliyesoma mpaka hapa, Mungu akulinde na wa nyumbani mwako, na kila atakayekuja kukusaidia amjalie awe ameshiba kwao.