Magunia Matatu ya Mboji

Juzi, nje kidogo ya Shelui, nilisimama karibu na lori lililokuwa likihamisha watu kwenda kijiji kipya cha ujamaa. Mama mmoja alikuwa ameshapakia kuku, mtungi na kitanda. Kisha akaja akiburuta magunia matatu yaliyoloa.

"Shikamoo mama," alisema ofisa msimamizi. "Hayo ni nini tena?"

"Marahaba, mwanangu. Ni mboji. Majani, majivu na mavi ya mbuzi."

"Serikali haisafirishi takataka, mama. Ziache hapa."

Mama alifungua gunia moja, akamshika ofisa mkono na kuuzamisha ndani mpaka kwenye kiwiko.

"Mbona ina joto?" ofisa alishtuka.

"Bado inaiva. Nyumba nitajenga nyingine, lakini hii nimeigeuza tangu mvua zilipokata."

"Lori limejaa, mama," ofisa alisema kwa upole, akijifuta mkono.

Mama akapanda, akakishusha kitanda chake, akapakia magunia.

Nasikia bwana shamba atakwenda kijijini hapo kuwafundisha wananchi kutengeneza mboji. Namshauri aanzie kwa mama huyo, na aende na daftari.