Sikuwahi Kucheza Bluzi na Mume Wangu

Mhariri, tafadhali lifiche jina langu, maana huku Garsen gazeti moja husomwa na kijiji kizima.

Mimi ni mjane wa miaka ishirini na saba, nina binti wa miaka minne. Tunaishi kwa wakwe zangu, ng'ambo ya mto. Mume wangu alikufa kabla ya mvua hizi. Alikuwa akitoka kwenye shamba la mpunga, kiboko akapindua mtumbwi wake. Walipomleta sikulia. Nilikoroga uji wa waombolezaji, nikaosha mwiko, nikalala. Mpaka leo ni hivyo hivyo. Watu wanasema nina moyo wa jiwe, na siwabishii, kwa sababu sisikii kitu.

Kabla ya hapo tulikuwa tukijifunza dansi. Kuna karani alihamishiwa hapa, zamani askari aliyepigana na Wajapani kwenye vita vya Bama. Yeye na mkewe, Mama Rozi, wamefundisha dansi Mombasa miaka mingi, na gramafoni wanayo. Mume wangu aliwaona wakicheza bluzi, ile ya polepole ya watu wawili, akapagawa. Akasema Krismasi tutacheza mbele ya watu wote. Nilimcheka, lakini nilienda. Walimu hao wana sharti lao: mke na mume hawafundishwi pamoja, maana watagombana. Basi mimi nilifundishwa na karani chumbani, mume wangu na Mama Rozi barazani, santuri moja ikitutosha sote. Tungeunganishwa tukishaiva. Hatukuwahi.

Juzi Mama Rozi alikuja kunijulia hali. Akaniambia, "Mumeo alikuwa mzito wa mguu wa kushoto. Akifika kwenye kugeuka husita kidogo. Na mkono aliuweka juu mno mgongoni, nikamwambia ushushe, hakushusha. Mimi nacheza hata upande wa kiume, mwanangu. Njoo nikuchezeshe kama alivyocheza yeye."

Mhariri, hapo kifua kiliniuma. Tangu msiba hakuna kilichowahi kuniuma, nami nikafurahi kuumwa.

Mama mkwe alikuwa akipepeta mchele karibu, akasikia yote. Mgeni alipoondoka alisema nami kwa upole, na upole huo ndio ulionitisha.

"Wewe hukumlilia, mimi nilinyamaza. Lakini mjane hachezi kabla hatujamtoa msibani. Ukienda kwa hao watu, usirudi hapa. Na mtoto ni wa kwetu, atabaki."

"Mama, yule ni mwanamke mwenzangu."

"Watu hawataona mwanamke. Wataona mjane anacheza."

Yeye ndiye aliyemzaa mume wangu, simlaumu.

Kungoja siwezi. Msiba utaondolewa baada ya mavuno, na karani amepata uhamisho. Maji yakipungua barabarani lori lipite, wanaondoka. Yeye na mkewe hawatarudi tena huku, na hakuna mtu mwingine duniani anayejua mume wangu alichezaje.

Najua mtaniambia upande mmoja wa santuri huisha hata chai haijachemka, na mtoto ni wa maisha yote. Hesabu hiyo naijua. Binti yangu nampakata kila siku, namsuka, namlisha, na mikono yangu inafanya hayo yote bila mimi kuwemo. Naogopa nikibaki hivi atakua analelewa na mikono mitupu. Naogopa pia nikienda nitampoteza.

Ninyi ambao mioyo yenu bado inafanya kazi, nishaurini. Niende, au nibaki?