Aproni ya Risasi ya Mama Mkwe

Siku ile mwenzangu wa zamu alikuwa msibani Maswa, kwa hiyo mama mkwe wangu alipoletwa Bariadi kupigwa CT scan ya kifua, wa kumpiga nilikuwa mimi peke yangu. Nilitamani umeme ukatike. Kwao Kasoli bado wanashika mila: mkwe hamtazami mama mkwe usoni, wala mama mkwe hasemi naye. Tukikutana njiani, mmoja wetu huingia shambani mpaka mwenzake apite. Miaka tisa ya ndoa tulikuwa tukisalimiana kupitia mke wangu tu. Sasa alikuwa anakohoa damu, na daktari alitaka kujua kama kuna uvimbe kwenye pafu la kushoto.

Nesi ndiye aliyemlaza kwenye kitanda cha mashine. Akamfunika aproni nzito ya madini ya risasi kuanzia kiunoni kushuka, kumkinga tumbo na mionzi. Mimi nilibaki chumba cha pili na mke wangu, nyuma ya kioo, nikizunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Picha ya kwanza, ile ya kupimia tu, ilitoka safi. Kanuni inasema kabla ya kuendelea umtazame mgonjwa kupitia kioo. Nimewafokea wanafunzi wangapi kwa kosa hilo! Lakini aliyelala pale alikuwa mkwe wangu. Nikainamisha kichwa, nikabonyeza.

Pafu la kushoto lilijaa michirizi myeupe, huoni kitu. Kumbe alikuwa ameniona kiooni, na kwa haya akaivuta aproni mpaka kidevuni. Risasi tuliyomwekea kumkinga ndiyo iliyoharibu picha, na sasa ilibidi apigwe mionzi mara ya pili kwa uzembe wangu. Nilijichukia. Nikampa mke wangu maiki ya kuongelea na mgonjwa.

"Mayu," alimwambia mama yake kwa Kisukuma, "hiyo nzito ishushe. Jifunike kitenge, chenyewe hakizuii picha. Na huyu lazima akutazame, asipokutazama ataharibu tena."

Mama akaishusha aproni, akajifunika kitenge mpaka usoni. Safari hii nilimtazama tangu mwanzo hadi mwisho.

Picha ikatoka safi, na uvimbe ulikuwepo. Mke wangu alinishika bega, hakuuliza. Nadhani aliogopa.

Nesi alikuwa ameenda kutafuta kiti cha magurudumu, hivyo nikaingia mwenyewe kumshusha mama kitandani, macho yangu sakafuni. Akaondoa kitenge usoni.

"Baba," akaniita, yeye mwenyewe, "umekiona hicho kitu?"

"Nimekiona, mayu."

"Kikubwa?"

Majibu ni kazi ya daktari, na hiyo nayo ni kanuni. Niliinua macho nikamtazama usoni, nikamwonyesha ukubwa wake kwa vidole viwili.